Mapipa ya Changamwe, Ngoma za Karibi

Mwanamuziki wa meli ya utalii haoni nchi, huona gati. Meli hufunga kamba alfajiri, abiria hushuka na kofia zao pana, na sisi wa bendi, tukishamaliza zoezi la maboti ya uokoaji, hupewa saa chache za kutembea kabla ya kurudi kupiga muziki wa alasiri kando ya bwawa la kuogelea. Kwa saa hizo hakuna anayeweza kusema ameijua Jamaika wala Barbados. Lakini mtu aliyekulia Changamwe, Mombasa, honi za meli za Kipevu zikimwamshia upande mmoja na ndege za Port Reitz zikimpitia juu ya bati upande wa pili, hahitaji siku nyingi kuisoma bandari. Hutazama malori yamepanga foleni wapi, mama wa chai ameweka benchi wapi, na ni nani waliokaa kwenye kivuli cha kontena wakingoja majina yaitwe. Akishayaona hayo, kilichobaki ni lugha tu.

Nilikuwa kwenye gitaa la besi. Wenzangu wa bendi walikuwa Wafilipino, watu wanaoweza kupiga chochote kilichowahi kurekodiwa, pamoja na makosa yaliyomo kwenye rekodi yenyewe. Wakenya wengine melini walikuwa jikoni, mezani na kwenye ufuaji. Vijana wa Likoni, wa Kisauni na wa huku kwetu waliotoka kutafuta dola na kuzituma nyumbani kabla hazijapoa mkononi. Tukikutana usiku kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi tulizungumza Kiswahili kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Kila alasiri tulipiga wimbo wa ndizi, ule Harry Belafonte alioutangaza duniani mwaka 1956. Abiria huupenda, huuitikia na glasi zao mkononi. Asili yake ni wimbo wa vibarua wa Jamaika waliopakia ndizi melini usiku kucha, na kulipopambazuka wakamtaka karani aje awahesabie mikungu waende zao kulala. Mtu mwenye mjomba aliyebeba magunia Kilindini anamjua karani huyo. Yeye ndiye anayeamua umebeba ngapi, na hesabu yake ndiyo chakula chako. Nilikuwa nikiupiga nikimtazama kijana wa baa, Mjamaika, nione kama uso wake utabadilika. Haukubadilika hata siku moja. Alikuwa kazini, kama mimi.

Sikuwa na haki ya kumshangaa. Kabla ya meli, riziki yangu ilikuwa kwenye hoteli za Pwani, na kwenye hoteli za Pwani huli kama hujui "Jambo Bwana". Tofauti ni kwamba wimbo huo wa Them Mushrooms, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, haumdanganyi mtu: ulitungwa kumkaribisha mgeni na mpaka leo unamkaribisha. Wimbo wa ndizi ulikuwa wa watu waliochoka, ukageuzwa wa watu waliopumzika.

Bandari iliyonishika zaidi ni Willemstad, kisiwani Curaçao. Kadi za posta huonyesha nyumba zilizopangana ukingoni mwa maji, za njano, za waridi, za samawati, mapaa yake ya Kiholanzi. Zipo kweli, na ni nzuri. Kuna na daraja la kuelea, la mwaka 1888, ambalo hufunguka lote kando meli ikitaka kupita, na watu wa miguu husubiri au hupanda kivuko. Mtu wa Mombasa hawezi kulitazama daraja hilo asicheke, maana sisi lile la Liwatoni tumeletewa 2020 tukaambiwa ni maajabu. Mimi lakini sikushikwa na rangi za nyumba wala na daraja. Nilishikwa na harufu. Upepo uligeuka kidogo, ukaja na harufu ya mafuta ghafi iliyokaa kwenye mabomba ya zamani, nikajiona niko kwenye kona ya kuingilia Chaani.

Nyuma ya mji, ukingoni mwa Schottegat, ambayo ndiyo bandari yao ya ndani, kuna kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1918. Mwenyewe alikuwa Shell. Kwa miongo mingi kisiwa kizima kilikula, kikasoma na kuoa kwa mshahara wa Shell, hadi mwaka 1985 kampuni ilipoondoka na kuiuzia serikali kiwanda hicho kwa guilda moja, bei ya njugu. Kikakodishwa kwa kampuni ya mafuta ya Venezuela, na mkataba ukafika kikomo mwisho wa 2019. Cha kwetu Changamwe kilianzishwa na Shell pamoja na BP, kikawashwa mwaka 1963, na kuanzia 2013 hakijasafisha tena mafuta. Matangi yake yamebaki kuwa ghala. Nilipomweleza haya mlinzi mmoja wa Willemstad aliuliza kitu kimoja tu: moto wa juu ya bomba ulikuwa ukionekana kutoka nyumbani kwenu? Nikamwambia ulionekana. Akatikisa kichwa, tukaelewana.

Maji yale yale ya Schottegat, kabla ya mafuta, yalipokea watu. Waholanzi walikitwaa kisiwa mwaka 1634, na muda si mrefu Willemstad ikawa ghala la watumwa: waliteremshwa hapo, wakanenepeshwa kidogo, wakauzwa tena kwenye makoloni ya Wahispania. Agosti 1795 mtumwa mmoja aitwaye Tula aliwaongoza wenzake kugoma, hoja yake ikiwa kwamba Wafaransa wamewaachia huru watumwa wao na Ufaransa sasa ndiyo inayoitawala Uholanzi. Walimuua kwa mateso mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Uhuru ulikuja 1863. Tarehe hizi zilinifanya nipige hesabu nisiyokuwa nimewahi kuipiga. Jamaika na Barbados utumwa uliisha kabisa 1838. Huko Falmouth, Jamaika, waumini wa Kibaptisti walizika minyororo ndani ya jeneza usiku wa kuamkia siku ya uhuru. Kuba ni 1886. Unguja ni 1897. Pwani ya Kenya ni 1907. Yaani Mwingereza yule yule aliyezikiwa minyororo Falmouth alikaa karibu miaka sabini kabla ya kuifuta sheria ya utumwa hapa Mvita, na reli yake ilikuwa imeshaipita Changamwe, imeshafika Ziwa Victoria.

Tumezoea kuona kwamba habari za Karibi ni za Afrika Magharibi, na kwamba watumwa wa huku walikwenda Arabuni basi. Wengi walikwenda Arabuni na visiwa vya karibu, ni kweli. Lakini mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa elfu moja kwa mwaka kwa ajili ya mashamba ya Île de France, Morisi ya leo, na katika miaka iliyofuata zilikuwepo meli za Wafaransa zilizopakia watu pwani hii ya mashariki zikazunguka rasi hadi Saint-Domingue, ambayo sasa ni Haiti. Karne ya kumi na tisa, Wamakua waliotolewa Msumbiji walipelekwa Kuba kwa idadi ya kutosha hata wakajulikana huko kwa jina la kabila lao, Macuá. Kwa hiyo nilipokuwa natembea Karibi nikitazama nyuso, sikuwa mtalii mtupu. Huenda niliyempita pale sokoni ni mtu ambaye nyanya ya nyanya yake alikuwa akielewana na watu wa Lindi.

Sasa mapipa.

Changamwe imejaa mapipa. Mafuta ya kulainisha mashine, lami, kemikali za viwandani, vyote huingia kwenye pipa la chuma la lita mia mbili, na vikishakwisha pipa huanza maisha yake ya pili. Huwekwa maji, kwa sababu maji ya mfereji kwetu ni ya kubahatisha. Hukatwa likawa jiko, hukunjuliwa likawa ukuta wa kibanda, hujazwa zege likazuia malori yasipande kwenye duka. Sikuwahi kuliona pipa nikafikiri muziki, na kazi yangu ni muziki.

Port of Spain, Trinidad, nilipelekwa na mpiga ngoma wa bendi ya hotelini kwenye ua wa Laventille, juu ya kilima, wanakotengeneza kile wenyewe wanachokiita pani. Fundi alikuwa amelipindua pipa, kitako juu. Alianza kulipiga kwa nyundo nzito kuzunguka, taratibu, toka kingoni kwenda katikati, mpaka kile kitako kilichokuwa bapa kikawa kimebonyea kama bakuli. Kisha akachukua chaki, akachora vishubaka, vikubwa pembeni na vidogo katikati, kila kimoja nyumba ya noti. Akafuata mistari ile kwa msumari mnene usio na ncha, akigongagonga ili kila noti ijitenge na jirani yake. Akakata ubavu wa pipa kwa kimo anachokitaka, akaliweka juu ya moto wa matairi likaiva rangi, akaliacha lipoe. Ndipo akaketi na nyundo ndogo. Hapo kazi ikawa ya masikio: kugonga kwa chini, kugonga kwa juu, kupiga kwa kijiti chenye mpira, kusikiliza, kugonga tena. Noti ikikaa sawa ya jirani hukimbia, ikirudishwa ya jirani ya kwanza hulegea. Nilikaa mpaka nikakaribia kuachwa na meli.

Historia ya chombo hiki Watrinidadi huisimulia kwa fahari na kwa ubishi mwingi kuhusu nani alikuwa wa kwanza. Baada ya ghasia za sherehe za Canboulay mwaka 1881, serikali ya kikoloni ilipiga marufuku ngoma za kuwambwa ngozi. Watu wakachukua vipande vya mianzi, wakavigonga chini. Miaka ya 1930 mianzi ikaanza kuachia nafasi mikebe, madebe ya biskuti na vyuma vya magari mabovu. Halafu vita vikaja, Wamarekani wakajenga kambi yao ya wanamaji Chaguaramas kuanzia 1941, na mapipa matupu yakawa tele. Ellie Mannette ni mmoja wa vijana wanaosifiwa kwa kulichukua pipa zima la mafuta na kulibonyeza kwa ndani, mwaka 1946. Mwaka 1951 bendi yao ya pamoja ilipiga London, na mashindano makubwa ya Panorama yakaanza 1963, mwaka ule ule kiwanda chetu kilipowashwa.

Nikiwa kwenye ngazi za kuteremka Laventille mwenyeji wangu aliniuliza swali ambalo bado linanikera. Na nyinyi mna bandari, akasema. Mlikuwa na mafuta, mlikuwa na Mwingereza, mlikuwa na wanamaji. Mlifanya nini na mapipa yenu?

Vigezo vyote tunavyo, ndilo linaloudhi. Mwaka 1942 kikosi cha meli za kivita za Waingereza wa Bahari ya Hindi kilihamia Kilindini. Migomo tunayo: wao waligoma 1937 kwenye visima vya mafuta wakiongozwa na Uriah Butler, kwetu vibarua wa bandari waligoma 1939, na Januari 1947 mji mzima wa Mombasa ulisimama, na Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, akaja kupelekwa kizuizini mwaka huo huo. Njaa ya mshahara ilikuwa moja. Hata tume za uchunguzi zililetwa huku na huku, zikaandika kuhusu vyumba vilivyosongamana, zikaondoka.

Jibu nililolipata nimelipata polepole, na sina hakika kwamba mwenyeji wangu angelikubali. Kibarua wa Changamwe alikuwa na kwao. Ukiwa Mduruma au Mrabai, kwenu ni hapo juu tu, ukipita Mazeras. Ijumaa jioni unapanda gari, Jumamosi usiku uko kwenye mwanzele au sengenya, ngoma za ngozi, kayamba, upatu, vyote viko mikononi mwa wazee wako na hakuna askari anayevikamata kule kijijini. Mjini ngoma ilitakiwa kibali; kijijini ilitakiwa jirani. Mtaita alikuwa na kwao, Mkamba alikuwa na kwao, Mluo na Mluhya walisafiri mbali zaidi lakini walikuwa na kwao. Changamwe ilikuwa mahali pa kupokea mshahara. Mtu hatafuti sauti ndani ya pipa la lami ikiwa sauti anayoitaka inamngoja nyumbani. Wa Laventille hakuwa na Mazeras ya kupanda gari kwenda. Alichokuwa nacho kilikuwa hapo uani, na kilikuwa pipa.

Ningeishia hapo kama si Frere Town. Ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, Kengeleni, kuna kijiji kilichoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa kwenye majahazi. Waliowatangulia humo walikuwa wamelelewa India, karibu na Nasik, wakarudishwa Afrika wakijua useremala, uhunzi na Kiingereza. Wakaitwa watu wa Bombay. Waliofuata walitoka Nyasa, Uyao, Umakua, kila pahali, na hawakuwa na njia ya kurudi. James Mbotela, mwana wa kijiji hicho, aliandika habari zao katika Uhuru wa Watumwa, 1934. Ni watu wale wale wa Laventille kwa kila hali ila bahari.

Na wao walifanya nini? Walichukua tarumbeta za shaba. Bendi ya Frere Town inatajwa katika asili ya beni, ile ngoma ya gwaride, sare, vyeo vya kijeshi na mashindano makali iliyozuka kwenye miji ya Pwani miaka ya 1890. Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975, aliifuata kutoka huku hadi Tanganyika na kwingineko bara, ikawa na vyama vya Marini na Arinoti, na maafisa wa kikoloni wakawa hawalali kwa kushuku kwamba wale wenye vyeo vya kuigiza wanapanga jambo la kweli. Kwa hiyo mwenyeji wangu ningemjibu: pipa letu lilikuwa tarumbeta, na mtaa wetu wa Laventille uko Kisauni. Tatizo ni kwamba wao pani yao imetangazwa kuwa ala ya taifa, tangu 1992, na beni yetu ukimuuliza kijana wa shule hapa Changamwe atakwambia labda ni jina la mtu.

Nisiifanye Karibi kuwa kitu kilichokaa kule tukikitazama kwa mbali, maana kilitujia zamani, na kilipitia bandarini. Miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilianza kuuza Afrika santuri za mfululizo wa GV, zilizojaa muziki wa Kuba. "El Manisero" ya Don Azpiazú ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Zilishuka kwenye meli pamoja na sabuni na baiskeli. Kongo wakazifanyia kazi wakatoa rumba yao, na Morogoro Salum Abdullah akaiita bendi yake Cuban Marimba bila ya kumwomba mtu ruhusa. Ndugu wawili Kinyonga, Wilson na George, watu wa Tanga, waliiunda Simba Wanyika hapa Mombasa mwaka 1971, na ukiisikiliza besi yao utasikia Havana imetawadha Tanga.

Kisha mzigo ukarudi. "Malaika", wimbo ambao Fadhili William aliurekodi na ambao ubishi wa mtunzi wake haujaisha, uliimbwa na Belafonte akiwa na Miriam Makeba mwaka 1965. Mtoto wa Wajamaika anaimba Kiswahili cha mahari. Miaka ya 1980 Boney M wakaurudia, kisha 1983 wakaichukua na "Jambo" yetu. Waimbaji wao wa kike walikuwa wawili wa Jamaika na mmoja wa Montserrat. Mchezaji wao maarufu, Bobby Farrell, ambaye 1983 alikuwa ameshatoka kundini, alizaliwa San Nicolas, Aruba, mji uliojengwa ubavuni mwa kiwanda cha mafuta. Mtoto wa Changamwe ya kwao, kwa ufupi. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu kwenye chumba changu cha chini ya usawa wa maji, maana utotoni tuliiga mikogo yake mbele ya televisheni ya jirani, tukidhani anatoka Ulaya.

Nilipomaliza mkataba nilirudi nyumbani, nikaenda kwa fundi wa majiko pale Magongo, mzee mwenye mikono inayolijua pipa kuliko daktari anavyolijua tumbo. Nikamwonyesha video ya Laventille kwenye simu. Akaitazama yote, akairudisha nyuma, akaitazama tena.

"Sasa wewe wataka karai ama wataka ngoma?"

"Ngoma, mzee."

"Mapipa ya siku hizi membamba, hayafai. Hilo la kwenye simu ni la zamani." Akanionyesha kwa kucha: ukuta wa pipa jipya aliugonga ukalia kama mkebe. Tukazunguka yadi mbili tatu mpaka tukapata moja zito, lililowahi kuwa na mafuta ya giaboksi, akalianza. Kubonyeza alibonyeza vizuri, pengine vizuri kuliko yule wa Laventille, kwa kuwa karai huzitengeneza kila wiki. Tulikwama kwenye noti. Sol ilikuja safi asubuhi, jua likapanda, ikashuka ikawa fa, na ile ya jirani yake ikaanza kutetemeka kila inapoguswa. Nilimweleza habari ya kuchoma kwanza kabla ya kusawazisha. Akasema angeambiwa mapema.

"Pipa jingine utalinunua wewe," akaniambia huku akifuta mikono, "na kibarua changu cha leo ulipe. Hili niachie. Kuna mama wa viazi karai hapo stejini ashaliulizia mara mbili."